Kurekodi sauti katika kufundisha Kiswahili mtandaoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni ya walimu wanaowafundisha wageni Kiswahili kwa njia ya mtandao, wawe Unguja, Mombasa, Arusha au Nairobi, pamoja na wazazi walio ughaibuni ambao watoto wao wanaelewa kila kitu ila wanajibu kwa lugha nyingine. Mengi huulizwa kwenye makundi yetu ya walimu, kwa kawaida usiku, mtu akiwa na rekodi kumi hazijasikilizwa. Pale ambapo nina upande wangu nimeusema wazi. Asiyekubali na afanye vyake.

Mwanafunzi wangu tunaonana kwenye Zoom mara mbili kwa wiki. Kwa nini nimsumbue tena na kurekodi?

Kwa sababu kwenye Zoom unamwokoa. Akisita kidogo tu, sisi walimu tunamtupia neno: "sokoni?", naye anaitikia "ndiyo, sokoni", somo linaendelea na wote wawili tunaamini amesema. Kwenye rekodi hakuna wa kumwokoa. Akikwama atatafuta njia ya kuzunguka neno lililomkimbia, na kuzunguka huko ndiko kuongea kwenyewe.

Jambo la pili ni kwamba rekodi inarudiwa. Mtu akisikiliza aliyosema, akaona pamechechemea, akafuta na kusema upya, amefanya mazoezi mara mbili bila mwalimu kufungua mdomo. Hapo ndipo faida yote ilipo. Rekodi ambayo mwanafunzi hakuisikiliza mwenyewe kabla ya kuituma ni mzigo tu kwako.

La tatu ni saa. Berlin iko nyuma yetu kwa saa moja wakati wao wa joto na saa mbili wakati wa baridi, hiyo si taabu. Lakini California iko nyuma kwa saa 10 au 11, na Tokyo iko mbele kwa saa 6. Mwanafunzi wa Los Angeles anayetoka kazini jioni anakukuta alfajiri. Ujumbe wa sauti unasubiri.

Nianze na programu gani?

WhatsApp. Najua wengi mlitarajia jina kubwa zaidi. Lakini mwanafunzi tayari anayo, wewe unayo, na inafanya kazi hata mtandao ukiwa wa kuungaunga. Ujumbe wa sauti umo humo tangu 2013, na tangu 2022 mtu anaweza kusimamisha kurekodi, akafikiri, akaendelea, kisha akasikiliza kabla ya kutuma. Wafundishe wanafunzi kitu kimoja siku ya kwanza: bonyeza alama ya maiki, pandisha kidole juu ili ijifunge, ongea, simamisha, sikiliza. Wengi hawajui kwamba wanaweza kusikiliza kabla ya kutuma, na ndiyo maana wanatuma chochote.

Udhaifu wake ni wa aina mbili. Unaweza kuharakisha sauti hadi mara moja na nusu au mara mbili, lakini hakuna cha kuipunguza mwendo, na mwanafunzi mchanga anachohitaji ni kupunguza. Akitaka kukusikiliza polepole, aifungue faili kwenye VLC, ambayo ni ya bure kwenye simu na kompyuta na ina sehemu ya kubadilisha mwendo bila kugeuza sauti yako kuwa ya jini. Udhaifu wa pili ni kupotea kwa rekodi, nitalirudia mbele.

Na Vocaroo, Audacity, Moodle? Hizi ni za nani?

Vocaroo ni tovuti: unafungua, unabonyeza, unasema, unapewa linki. Haitaki akaunti wala nenosiri. Inamfaa mwanafunzi asiyetaka kutoa namba yake ya simu, na wapo wengi, hasa mnaokutana kupitia italki au Preply, zile tovuti zinazowaunganisha walimu na wanafunzi. Usiitegemee kutunza kitu kwa muda mrefu. Pakua faili siku hiyo hiyo.

Audacity ni programu ya kuhariri sauti kwenye kompyuta, ya bure, na imekuwepo tangu mwaka 2000. Ilianzia Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani. Hiyo ni ya mwalimu. Mwanafunzi haihitaji, ila wewe unayetaka kukata kikohozi, kuunganisha vipande viwili au kuacha mapengo ya kimya kati ya sentensi, jifunze. Unaona sauti yako imechorwa kama mistari, unachagua kipande, unafuta. Alasiri moja inatosha kuifahamu.

Moodle, mfumo wa kuendeshea masomo mtandaoni, utakutana nayo kama unafundishia chuo. Tangu toleo la 3.5 la mwaka 2018 kuna kitufe cha kurekodi ndani ya sehemu ya kuandikia, na kwa kawaida kimewekewa kikomo cha dakika mbili. Walimu wengi hulalamikia kikomo hicho. Mimi nakipenda, dakika mbili zinamtosha mwanafunzi yeyote asiye wa ngazi ya juu.

Nilikuwa natumia Flip. Imekwenda wapi?

Flip, ile ya wanafunzi kujirekodi video fupi, Microsoft iliinunua 2018 ikiitwa Flipgrid, ikaibadilisha jina 2022, na 2024 ikaifunga kama tovuti na programu ya kujitegemea. Kilichobaki kimeingizwa ndani ya Teams. Kama rekodi zako zote zilikuwa huko, umeshajifunza kwa nini mwalimu anapaswa kuwa na nakala zake.

Rekodi zitanilia bando kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani, ukichagua aina ya faili. Dakika moja ya MP3 ya kawaida, ile ya kbps 128 (kipimo cha data inayotumika kwa kila sekunde), ni takriban MB 1. Sauti ya mtu mmoja anayeongea haihitaji hata hiyo. Kbps 64 inatosha, na hapo dakika ni nusu MB. Ujumbe wa sauti wa WhatsApp ni mdogo zaidi kwa sababu unabanwa kwa mfumo wa Opus, uliotengenezwa hasa kwa ajili ya kusafirisha sauti mtandaoni. Kinachomaliza bando ni WAV, yaani sauti isiyobanwa: dakika moja ni MB 5, au 10 ikiwa ni ya pande mbili. Audacity ikikuuliza uhifadhi vipi, chagua MP3 na sauti ya upande mmoja.

Na kama bado unatuma video ili tu mwanafunzi akuone mdomo, tuma sekunde kumi za sauti moja ngumu, basi. Hotuba nzima kwa video ni anasa.

Nyumbani kwangu kuna kelele: muadhini, feni, bodaboda, mvua kwenye bati. Nifanyeje?

Mvua kwenye bati haina dawa, subiri ipite. Mengine yanapungua kwa kuchagua chumba. Chumba chenye kitanda, mapazia na nguo zilizotundikwa hunyonya mwangwi. Sebule yenye vigae na kuta tupu huufanya mdomo wako usikike kama uko ndani ya pipa. Funga dirisha, zima feni kwa dakika mbili, weka simu kiasi cha shubiri moja kutoka mdomoni na uiweke pembeni kidogo, isiwe mbele kabisa, la sivyo kila *p* na *b* itapiga pumzi kwenye maiki.

Feni ikiwa haizimiki kwa sababu ni Dar na ni Februari, rekodi kwanza sekunde tatu za kimya, yaani feni peke yake, ndipo uanze kusema. Kwenye Audacity utaichagua ile kimya kama sampuli ya kelele, kisha programu itaipunguza kwenye rekodi yote. Usiizidishe, sauti ya binadamu huanza kuwa ya bati.

Kwa upande wa mwanafunzi, usihangaike. Jogoo akiwika nyuma yake hakuna kilichoharibika. Tena kuna mwanafunzi aliyewahi kunirekodia akiwa kwenye treni huko Ujerumani, matangazo yakapita katikati, akaacha alichokuwa akisema na kunitafsiria tangazo. Sijapata kazi ya nyumbani bora kuliko ile.

Nina hedifoni nzuri za Bluetooth, lakini rekodi inatoka kama simu ya zamani. Kwa nini?

Kwa sababu maiki yake ikiwashwa, Bluetooth mara nyingi huhamia kwenye hali ya mazungumzo ya simu, ambayo hubana sauti sana. Muziki unausikia vizuri, lakini sauti yako inaondoka imekatwa juu na chini. Sikiliza kwa hizo ukipenda, ila rekodi kwa maiki ya simu yenyewe au kwa hedifoni za waya, hata zile za bei ndogo za dukani.

Kwenye Zoom mwanafunzi husikika anameza herufi. Ni yeye au ni Zoom?

Mara nyingi ni Zoom. Ina kichujio cha kelele, na kichujio hakijui Kiswahili: *h*, *s*, *f* na *th* ni pumzi tupu, zinafanana na kelele, basi zinafutwa. Kuna sehemu ya mipangilio ya kuruhusu sauti halisi, iliyowekwa kwa ajili ya wanamuziki. Iwashe mnapofanya mazoezi ya matamshi, na mwombe naye aiwashe.

Ukirekodi somo zima kwenye kompyuta yako, hata kwa akaunti ya bure, Zoom hutoa faili la sauti pekee kando ya video. Na ndani ya mipangilio unaweza kuiambia iweke faili la kila mtu peke yake. Hiyo ni hazina: unapata sauti ya mwanafunzi bila yako. Sikiliza la kwako pia. Utashangaa ni nani aliyekuwa akiongea muda wote.

Nimwambie arekodi nini?

Hapa ndipo wengi wanapoharibu. "Jitambulishe" ni zoezi la siku moja, na mwanafunzi wa mwezi wa tatu bado anaambiwa ajitambulishe. Haya ndiyo ninayoyatumia sana.

La kwanza ni mazungumzo yenye mapengo. Ninarekodi upande wangu tu na kuacha kimya cha kutosha jibu. Maamkizi ndiyo yanayofaa zaidi, kwa kuwa sisi hatuna salamu moja, tuna mlolongo: "Hujambo?" (kimya) "Habari za tangu jana?" (kimya) "Watoto hawajambo?" (kimya) "Na kazi je?" (kimya) "Haya, pole na kazi." (kimya). Mwanafunzi anacheza rekodi yangu kwenye kompyuta huku simu ikimrekodi. Mara ya kwanza anachelewa na mimi nimeshahamia swali lingine, anacheka, anaanza tena. Wiki ya pili ninapunguza mapengo. Ninabadilisha na mhusika pia: leo ni bibi, kwa hiyo lazima aanze na "shikamoo" kabla hajaulizwa chochote, kesho ni kijana wa makamo yake pale kijiweni, na "shikamoo" hapo itachekesha.

La pili ni kumfuata msemaji unyounyo. Mwanafunzi anavaa hedifoni, anasikiliza rekodi na anasema pamoja na msemaji, nyuma yake kwa nusu pumzi tu, bila kusimamisha. Anajirekodi, kisha anasikiliza alipoachwa. Kwa walio juu unaweza kutumia taarifa ya habari ya BBC Swahili au DW, lakini watangazaji wana mwendo, na sentensi zao ni ndefu; kwa anayeanza, rekodi mwenyewe sentensi nane za maisha ya kawaida. Zoezi hili halifundishi neno jipya hata moja. Linafundisha wimbo wa lugha, na wimbo ndio unaomfanya mtu wa Tanga aelewe au akunje uso.

La tatu walimu wa lugha huliita 4/3/2. Hadithi ile ile inasemwa mara tatu: kwa dakika nne, kisha tatu, kisha mbili. Kwa ngazi za chini ninapunguza hadi dakika mbili, moja na nusu, na moja. Ananitumia ile ya mwisho tu.

Halafu kuna saa. Mwambie mwanafunzi akueleze ratiba yake ya kesho kwa saa za Kiswahili, bila kuandika: anaamka saa kumi na mbili, basi ni saa moja na robo, kazi ni saa mbili. Kwenye karatasi hulipata. Mdomoni, na rekodi inatembea, ubongo wake unaruka kati ya saa mbili na saa nane, na wewe unamsikia akihesabu.

Ninajuaje kama anasoma kutoka kwenye karatasi?

Utajua. Mwendo hauna mabonde, hakuna "eeh" wala "yaani", na ngeli zote zimekaa sawa kama siku ya mtihani. Siku hizi wengine hata hawasomi, wanamwachia mashine imwage sauti, na mashine haipumui.

Usimshutumu. Badilisha swali. Mtumie swali kwa sauti badala ya maandishi, na liwe linalotegemea siku yake: nini kiko mezani mbele yako sasa hivi, dirishani unaona nini, jana usiku ulikula na nani. Au mtumie picha ya Kariakoo saa sita mchana na umwambie ajibu ndani ya dakika kumi. Anayetaka kuandika kwanza aandike maneno matano tu, si sentensi.

Nisahihishe nini kwanza? Makosa ni mengi.

Kosa linalobadilisha maana. Mengine yasubiri. Kwa Kiswahili hilo linatupeleka kwenye mambo machache yanayojirudia kwa karibu kila mgeni.

Irabu mbili mfululizo. *Kukata* na *kukataa*, *kufa* na *kufaa*. Mgeni husikia urefu tu na kuupuuza, lakini mkazo pia umehama, kwa kuwa sisi tunaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: ku-KA-ta, lakini ku-ka-TA-a. Mwambie apige kofi kwa kila silabi huku akirekodi. Makofi yakiwa matatu badala ya manne, wote wawili mmesikia tatizo lilipo na huna haja ya kueleza.

*M* na *n* zinazosimama peke yake. Kwenye *mtu*, *mto*, *mbu*, *nchi* na *nne*, herufi ya mwanzo ni silabi kamili na ndiyo yenye mkazo. Mzungumzaji wa Kiingereza ataweka kairabu mbele, "umtu", au katikati, "mutu". Hapa pia kofi husaidia. Mwambie afumbe midomo, avute *mmm* sekunde nzima, ndipo aseme *tu*.

*Ng'* ya *ng'ombe* dhidi ya *ng* ya *ngoma*. Kiingereza na Kijerumani wanayo sauti ya kwanza, ila wameizoea mwishoni mwa neno. Waambie wamalizie neno lao lenye sauti hiyo kisha wateleze moja kwa moja kwenye *-ombe*.

Baada ya hapo inategemea katokea wapi. Mfaransa humeza *h*, kwa hiyo *hapa* inakuwa "apa". Mjerumani husoma *w* kama *v*, na watu wanakuwa "vatu". Mjapani huchanganya *l* na *r*. Mpe *kula* na *kura* arekodi mara nyingi, hasa mwaka wa uchaguzi. Mhispania hutuletea "sawadi" badala ya *zawadi*. Mwarabu atakutamkia *dh*, *th* na *gh* vizuri kuliko baadhi yetu wa bara, lakini *p* itakuwa *b*, na pesa itageuka "besa", jambo ambalo Muscat, wanakotumia sarafu ya baisa, halitamsumbua mtu.

Na kuna *kunywa*. Kila mwalimu anajua. *W* ikimezwa, mgeni anakutangazia kwa furaha jambo la chooni. Lirekodini mapema, kwa faragha, kabla hajakaribishwa chai na wakwe.

Nisingehangaika na tofauti ya *paa* wa porini na *paa* la nyumba kwa ile pumzi ya *p* wanayoitoa watu wa pwani. Ni nzuri, lakini maandishi hayaionyeshi na bara wengi hawaitamki. Anayesomea isimu aende nayo, na apakue Praat, programu ya kuchunguza sauti za lugha, aone pumzi hiyo ikichorwa.

Nimjibu vipi: kwa maandishi au kwa sauti?

Kwa sauti, na kwa ufupi kuliko alivyosema yeye. Chukua mfano. Ametuma: "Jana nilikwenda sokoni, nikanunua ndizi na nazi, halafu niliwapika." Unaweza kumwandikia maelezo ya ngeli aya nzima. Hatasoma. Mimi humjibu hivi: "Aa, kumbe ulinunua ndizi! Ulizipika kwa nazi? Nani alizila? Hebu nirekodie tena hapo kwenye kupika tu, halafu uniambie nani alizila." Amesikia *ulizipika*, amesikia *alizila*, na sasa inabidi atumie zote mbili kunijibu. Rekodi ya pili ikija na *nilizipika*, tumemaliza. Ikija tena na *niliwapika*, ndipo nitaandika mstari mmoja: ndizi, zi-.

Jambo moja la matamshi na moja la sarufi kwa kila rekodi, hayo yanatosha. Mwalimu anayesahihisha kumi anajifurahisha mwenyewe.

Mwanafunzi anachukia sauti yake na hataki kurekodi.

Mweleze kwamba si yeye tu. Tunapoongea tunajisikia kwa njia mbili, hewani na kupitia mifupa ya fuvu, na mifupa hutuongezea uzito wa sauti. Kinasa sauti kinachukua ya hewani peke yake, ndiyo maana inasikika nyembamba na ngeni. Wengine wote wamekuwa wakiisikia hiyo hiyo siku zote. Mwanzoni mruhusu arekodi bila kutuma, akuambie tu amesikia nini.

Je, mashine inaweza kusahihisha matamshi badala yangu?

Bado, na uwe mwangalifu na wanaosema inaweza. Google waliongeza Kiswahili kwenye kuandika kwa sauti mwaka 2017, na Whisper ya OpenAI, iliyotoka 2022, nayo inakifahamu. Mwanafunzi anaweza kuongea na kibodi ya simu akaona kinachoandikwa, na ni mchezo mzuri. Tatizo ni kwamba mashine hizi hukisia. Zimezoea sentensi zetu, kwa hiyo mtu akisema "nataka kukata tiketi" kwa matamshi ya ovyo, zitaandika sawasawa kwa sababu tiketi hukatwa. Zinamsamehe kosa ambalo karani wa basi hatamsamehe. Kinyume chake, zinaweza kumwandikia upuuzi mtu aliyetamka vizuri jina la kijiji. Tumia kama mchezo, usitumie kutoa alama.

Nifundishe lafudhi ya nani? Mimi ni wa Mombasa, kitabu ni cha Kiunguja, na mwanafunzi ana wakwe Bukavu.

Ongea unavyoongea. Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, na kamati ya lugha iliyosimamia kazi hiyo ilianza 1930, lakini hakuna mgeni anayekwenda kuishi ndani ya kamati. Kinachomfaa ni kusikia sauti nyingi. Ukiwa sokoni mwombe muuza nazi, kwa ruhusa yake, akuambie kwa sekunde ishirini jinsi ya kuchagua nazi nzuri. Mwombe fundi cherehani, dereva, shangazi yako. Mradi wa Common Voice wa Mozilla pia una sentensi nyingi za Kiswahili zilizosomwa na watu tofauti, na ni huru kutumiwa na yeyote. Kwa huyo wa Bukavu, mwambie awaombe wakwe wenyewe wamrekodie; wewe msaidie kuelewa pale mnapotofautiana.

Watoto wetu wa ughaibuni wanaelewa ila hawajibu. Kurekodi kutasaidia?

Kutasaidia kama upande wa pili kuna mtu anayempenda. Mtoto wa Minnesota hatarekodi kwa ajili ya mwalimu. Atarekodi kwa ajili ya bibi yake wa Tanga, kwa sababu bibi atamjibu, atamwita kwa jina alilompa yeye, na atauliza kama bado anapenda vitumbua. Bibi asisahihishe chochote. Hilo mwambieni mapema, maana bibi wengine ni wakali. Na mzazi asisimame nyuma akinong'ona majibu. Rekodi ikisema "shikamoo bibi, mimi mzima" na kuishia hapo, ni sawa. Ya wiki ijayo itakuwa ndefu.

Ninaweza kuweka rekodi ya mwanafunzi kwenye tangazo langu?

Si bila idhini yake, na ya mtoto ni kwa idhini ya mzazi. Sauti inamtambulisha mtu, na sheria zinaijumuisha kwenye taarifa binafsi: Kenya ina sheria ya 2019, Tanzania ya 2022, na wanafunzi wako wa Ulaya wanalindwa na kanuni za GDPR tangu 2018. Hata kuipeleka kwenye kundi la darasa ili wengine wajifunze kosa, uliza kwanza.

Nitatunzaje rekodi zote hizi?

WhatsApp huzipa majina yasiyosaidia, kama PTT-20240512-WA0003.opus, na ukibadilisha simu bila kuhifadhi nakala zimekwenda. Kila mwisho wa mwezi chukua moja tu ya kila mwanafunzi, ibadilishe jina iwe na tarehe na herufi za jina lake, uiweke kwenye folda yake kwenye Google Drive au kwenye diski. Zilizobaki futa. Baada ya miezi sita mchezee ya kwanza na ya mwisho, moja baada ya nyingine, usiseme kitu.

Je, nilipishe muda wa kusikiliza?

Ndiyo. Rekodi ya dakika moja hukuchukua kama dakika tano: kusikiliza, kusikiliza tena pale penye kosa, kufikiri, kujibu. Rekodi tatu kwa wiki ni robo saa kwa mwanafunzi mmoja, na ukiwa nao kumi na wawili ni saa tatu ambazo hakuna anayeziona. Weka idadi ya rekodi kwenye makubaliano tangu mwanzo, ziwe ndani ya bei ya mwezi, na useme unajibu siku zipi. Anayetaka kukutumia sauti saa tano usiku Jumamosi atume tu, utamjibu Jumatatu.